Sifa za Sefu

Watu wa pwani wameusifu mnazi kuanzia mzizi hadi kuti. Wafugaji wamemwimbia fahali, na wenye daladala wameyasifu magari yao kwa maandishi ya rangi, hata yale yasiyo na breki. Mwindaji naye hujisifu mwenyewe, akijua kwamba shahidi pekee aliyekuwepo porini ameshaliwa. Nami ni mwindaji, mzaliwa wa Liwale, mkazi wa mji mdogo katika jimbo la Hessen, Ujerumani, na kitu ninachotaka kukisifu leo hakijawahi kutungiwa hata ubeti mmoja. Ni sefu ya bunduki: kabati la chuma la kilo 140, rangi ya kijivu, limesimama kwenye kona ya chumba changu cha kulala kama mkwe aliyekuja kusalimia akaamua kuhamia.

Kwanza nasaba, maana kwetu mtu hasifiwi kabla ya kuulizwa ni wa nani. Sefu yangu ni mtoto wa sheria ya silaha ya Ujerumani. Tangu Julai 2017 sheria hiyo inamtaka anayenunua sefu mpya ya bunduki achukue iliyofaulu kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 1143-1, angalau daraja la 0. Daraja sifuri! Katika nchi ambayo kila kitu hupewa alama, hiki kimepata sifuri na bado kimefaulu. Mwanafunzi gani wa Liwale hajaiota shule ya namna hiyo? Sefu isiyofika kilo 200 huruhusiwa kutunza bastola tano. Ikifika kilo 200, kumi. Bunduki ndefu za kuwindia unaweza kupanga mpaka mlango ukatae. Heshima yake, kwa hiyo, hutoka kwenye mizani, kama gunia la korosho mnadani.

Lakini nasaba ya mbali zaidi inatuhusu sisi wenyewe. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani: anayetaka kuwinda awe na kibali. Akatenga na maeneo mawili ya kuhifadhia wanyama, moja magharibi ya Kilimanjaro, jingine Rufiji. Hilo la Rufiji lilikuja kukua likawa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Yaani kibali kilikuja kwetu kwa meli kutoka Ujerumani, nami nimekifuata tu hadi kwao, kama mtu anayemrudisha kuku wa jirani. Miaka tisa baada ya amri ile babu zetu waliinuka katika Vita vya Majimaji, na boma la Liwale likaanguka. Waliahidiwa na mganga kwamba risasi ya Mjerumani itageuka maji. Haikugeuka, na makaburi ni shahidi. Mimi mjukuu wao nimekuja kugundua kwamba mganga alikosea kidogo tu: risasi ya Mjerumani hugeuka karatasi.

Sasa fadhila. Ya kwanza ni kwamba sefu humfundisha mtu unyenyekevu. Nyumbani nilikuwa mtu. Ombi langu la bunduki lilipita kijijini, katani na wilayani, likarudi na mihuri. Msimu ulipofunguliwa Julai nilikata kibali changu nikaingia porini kwa haki, na nyati nimemwangusha. Nilifika Ujerumani na bahasha nene ya ushahidi huo. Karani mmoja, mpole kama daktari wa meno, aliisoma karatasi kwa karatasi, akazipanga vizuri kuliko zilivyokuja, akanirudishia. Nikaanza upya. Wenyeji huuita mtihani wa uwindaji “Abitur ya kijani”, Abitur ukiwa ule mtihani wao wa kumalizia sekondari. Unaandika, unahojiwa kwa mdomo na kwa vitendo, unapiga shabaha. Nilijifunza kwamba paa mdogo wa huku haruhusiwi kupigwa kwa risasi ambayo, ikifika mita 100, ina nguvu chini ya jouli 1,000. Kwa wakubwa zaidi wenye kwato zinatakiwa jouli 2,000 na upana wa risasi usiopungua milimita 6.5. Nilijifunza pia lugha ya wawindaji, ambayo Wajerumani wengine hawaielewi. Macho ya paa huitwa taa. Masikio ya sungura ni vijiko. Damu ya mnyama aliyejeruhiwa haiitwi damu kabisa. Huitwa Schweiß, neno ambalo muuza mkate hulitumia kwa jasho.

Nilimweleza haya kwa simu mjomba wangu, aliyenifundisha kufuata nyayo kabla sijajua kusoma.

“Kwa hiyo mnyama akipigwa huko hutoka jasho?”

“Ndiyo, mjomba.”

“Na mwindaji je?”

“Mwindaji hutoka euro.”

Ni baada ya kufaulu ndipo sefu ilipoingia maishani mwangu, na hapa naomba sheria isisingiziwe. Mwenye leseni ya kuwinda anaingia dukani, anachagua raifoli, anatoka nayo, kisha ana wiki mbili za kuiandikisha. Ukarimu mtupu. Sharti ni kwamba uwe umekwisha kuonyesha bunduki italala wapi. Ni kama bibi harusi: posa imekubaliwa, mahari imelipwa, lakini hatoki kwao mpaka nyumba ionekane. Basi nikajenga kwanza. Wanaume wanne waliipandisha sefu hadi ghorofa ya tatu, wakitaja njiani majina ya Mungu ambayo sikufundishwa chuoni. Iligharimu kuliko bunduki yenyewe. Kwa miezi miwili nililala nayo ikiwa tupu, na kila asubuhi niliifungua nikaifunga, nikijizoesha kuwa na mali.

Linganisha na ushamba wetu. Gobole la mjomba lilining'inia darini, juu ya moshi wa jiko, kwa kamba moja ya katani. Halikuhitaji namba wala ufunguo, lilihitaji kigoda tu. Na binamu yangu, aliyekuwa mrefu kuliko umri wake, hakuhitaji hata kigoda. Leo ana vidole saba, na kwenye bao hakuna anayemshinda.

Fadhila ya pili ni utulivu wa ndoa. Sheria inasema asiye na leseni asiweze kuzifikia silaha, hata kama ni mke. Kwetu mwanamume huuficha mshahara wake kwa akili yake mwenyewe bila msaada wa mtu. Huku dola nzima imesimama nyuma yangu na kuniamuru niwe na siri.

“Baba Zuhura, hata namba?”

“Mke wangu, ni sheria.”

“Sawa. Ila tarehe ya kuzaliwa ya mama yako siyo. Nimeshajaribu.”

Fadhila ya tatu ni elimu ya falsafa. Sefu yangu mwanzoni ilikuwa na ufunguo. Agosti 2023 mahakama ya juu ya mambo ya utawala ya jimbo jirani, iliyoko Münster, iliamua kesi ya mtu aliyeibiwa bunduki. Ufunguo wa sefu yake ulikuwa kwenye kabati la chuma la namba, imara kwa macho ya kawaida, na wezi walilivunja. Mahakama ikasema ufunguo wa sefu ya silaha utunzwe kwenye chombo chenye usalama ule ule wa silaha zenyewe. Wawindaji wa majimbo yote waligutuka. Usiku ule nilimpigia mjomba.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu. Umewinda?”

“Bado. Nahamisha ufunguo.”

“Bunduki iko wapi?”

“Ndani ya sefu.”

“Na ufunguo?”

“Unatakiwa uwe ndani ya sefu nyingine.”

“Na wa hiyo nyingine?”

“Hiyo iwe ya namba, mjomba.”

“Na namba itakaa wapi?”

“Kichwani mwangu.”

Alicheka mpaka akakohoa. “Basi hicho nacho,” akasema, “ni daraja sifuri.”

Nilibadilisha kitasa. Sasa nina namba moja, na kila nikiisahau huwa nimekaribia ule ulinzi kamili ambao hata mwenye mali hawezi kuuvunja.

Fadhila ya nne ni wageni. Wakaguzi wana haki ya kuja bila taarifa, wafungue, wahesabu, walinganishe namba za bunduki na zile za kwenye kadi, waende zao. Hawanywi chai. Iko miji ambayo baada ya siku chache hukuletea na ankara ya gharama za ukaguzi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku mgeni huja, mwenyeji akalipa. Lakini ni nani mwingine ughaibuni atakayegonga mlango wako siku ya Jumanne bila miadi? Majirani huhitaji wiki tatu.

Fadhila ya tano ni huruma kwa viumbe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 kwa amri ya serikali. Sefu hufanya kazi hiyo hiyo kwa bawaba. Maana kupata bunduki siyo kupata pa kuwindia. Nyumbani wanyama ni mali ya umma, na kibali ndicho hukufungulia pori. Ujerumani mnyama wa porini hana mwenyewe mpaka anaswe, lakini haki ya kumwinda imefungwa kwenye ardhi. Anayetaka kuwinda kwenye ardhi yake binafsi lazima awe na hekta zisizopungua 75 zilizoungana. Wenye vipande vidogo huunganishwa, na haki yao hukodishwa kwa pamoja. Sisi wengine hungoja kualikwa.

Nami nilialikwa. Ilikuwa usiku, kando ya shamba la mahindi. Wanyama wengi wenye kwato hawaruhusiwi kuwindwa usiku, lakini yuko mmoja aliyeachiwa mlango wazi: nguruwe pori. Nami ni Mwislamu. Nikapanda kwenye jukwaa la mbao lenye ngazi, na nilipokaa tu nikalitambua. Lilikuwa dungu. Dungu lile lile nililolindia mpunga wa mama nikiwa na miaka kumi, nikipiga debe kufukuza nguruwe wale wale. Nimepanda ndege mbili, nimefaulu mitihani mitatu na kununua kilo 140 za chuma ili nirudi kwenye kazi yangu ya utotoni, tofauti ikiwa kwamba debe lilikuwa bure. Kwetu shamba likiliwa na tembo mkulima huenda serikalini kuomba kifuta jasho. Huku nguruwe akila mahindi, mara nyingi aliyekodi haki ya kuwinda ndiye hulipa. Kwa hiyo neno la jasho ni sahihi, ila wamekosea mtokaji. Nguruwe hawakuja. Alfajiri nilirudi nyumbani, nikaifuta bunduki isiyo na vumbi, nikaifungia. Mlango ulilia ule mlio wake mzito wa kuridhika, kama bibi aliyemaliza sala.

Wapo watakaosema sefu imemgeuza mwindaji karani. Nawajibu kwamba karani hulala usingizi mzima. Watasema bunduki iliyofungiwa si bunduki. Hapo nilikuwa na jibu refu na la ufasaha, lakini nimelipoteza kwenye simu.

Mwezi uliopita wakaguzi walikuja tena, nami nikampigia mjomba nimchekeshe. Nikamwigizia hodi yao. Nikamwambia wamehesabu bunduki moja kwa dakika kumi na tano. Nikamwambia pia kwamba Zuhura, ambaye mikono yake hufika kila mahali, ameizunguka sefu hiyo mwaka mzima kama paka kwenye kapu la samaki, na hajapata kitu.

Mjomba hakucheka.

“Zuhura sasa ana miaka mingapi?”

“Tisa, mjomba.”

Nikakumbuka, nikiwa nimechelewa, kwamba binamu naye alikuwa na tisa. Simu ikanyamaza. Nilisikia jogoo wa Liwale, na mtu akitwanga mbali.

“Hilo kabati,” akasema mwishowe. “Huko linauzwa bei gani?”

Gobole lake alikwisha kulisalimisha polisi siku nyingi, wakati wa msamaha. Nyumbani kwake hakuna tena silaha ila panga la kufyekea. Sikumkumbusha. Nikamtajia bei.