Namna ya Kutathmini Chuo Kizima Bila Kubadilisha Kitu

Umeteuliwa mkuu wa idara, na wakaguzi wa Tume ya Vyuo Vikuu wanakuja mwezi ujao. Usihangaike. Fuata hatua hizi.

1. Andika malengo ya kozi yasiyopimika. "Mwanafunzi ataelewa" inatosha. Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake walipanga ngazi sita, kuanzia kujua hadi kutathmini. Wewe baki ngazi za chini, huko juu kuna kazi.

2. Chukua mtihani wa mwaka juzi, badilisha tarehe. Wanafunzi wameshautoa kopi steshenari pamoja na madesa, hivyo ufaulu utapanda. Kwenye ripoti andika: "Ufundishaji umeimarika."

3. Majaribio yarudishwe baada ya mtihani wa mwisho. Ukiyarudisha mapema, mwanafunzi ataona alipokosea, atajirekebisha, na sapu zitakosa watu. Juu ya karatasi weka alama kwa wino mwekundu, 11/20, na pembeni "Fafanua!" bila kusema nini. Utafiti wa Ruth Butler wa mwaka 1988 ulionyesha kwamba wanafunzi waliopewa maoni peke yake walisonga mbele kuliko waliopewa alama tupu, hata kuliko waliopewa alama na maoni pamoja. Kwa hiyo alama usiisahau kamwe.

4. Fomu za kumtathmini mhadhiri zigawiwe kipindi cha mwisho, naye mwenyewe asimame mlangoni akizikusanya. Tiki zote zitaangukia "vizuri sana". Ukikuta nyuma ya fomu mtu ameandika kwamba darubini ni moja kwa watu 60, igeuze, hesabu tiki.

5. Darasa zima likianguka swali la tatu, laumu sekondari walikotoka. Usije ukauliza kama mada hiyo ilifundishwa.

6. Mtahini wa nje mkirimu kwa chai na sambusa. Mapendekezo yake yaingie kwenye boksi faili. Mwakani atarudia yale yale, na wewe utanakili majibu yale yale: "Yanafanyiwa kazi."

Tahadhari: kila idara ina mkorofi wake. Huyu husahihisha jaribio wiki ile ile, akiona wengi wamekosea pamoja hurudia mada Jumatatu, na muhula ukiisha huomba kozi irekebishwe. Wakaguzi wakija, hana jalada la maana la kuwaonyesha. Ana wanafunzi wanaojua kitu tu.