Pesa Iko Benki Kuu: Mbinu za Mwalimu Anayekaribia Kustaafu

Mwalimu, umebakiza miaka mitatu. Sogeza kiti, maana haya hayasemwi kwenye semina za wastaafu watarajiwa. Kiinua mgongo huliwa na vitu viwili: haya ya kusema hapana, na hamu ya kuendelea kuitwa mkubwa. Vyote unavyo, na hutaviacha eti kwa sababu umefikisha 60. Basi tuvizunguke.

1. Staafu kabla hujastaafu. Chukua kalamu. Tuseme mshahara wako ni shilingi milioni 1 na utumishi wako ni miezi 360. Kikokotoo cha mafao kinagawanya miezi hiyo kwa 580. Bajeti ya mwaka 2024 ilipandisha mkupuo wa watumishi kama wewe kutoka asilimia 33 hadi 40, kwa hiyo utaondoka na kama milioni 37, na pensheni ya kila mwezi itakuwa kama 372,000. Hiyo ya mwisho isome tena. Kuanzia mwezi huu ishi kwa 372,000, na kinachobaki kiweke mahali ambapo simu yako haifiki. Ukishindwa, pumzika mwezi mmoja kisha ujaribu tena. Una miaka mitatu ya kufanya mazoezi huku mshahara ukiingia.

2. Wakwepe ndugu bila kusema uongo. Siku pesa ikiingia, shemeji atajua kabla ujumbe wa benki haujatua kwenye simu yako. Atakuja na mradi. Mpwa atakuja na ada, jirani na kadi ya mchango wa harusi. Ukisema "sina" watakushinda, kwani kiasi wanakijua kukuzidi. Kwa hiyo wiki ileile nenda benki, sehemu kubwa ya pesa inunulie hati fungani za serikali za miaka 20 au 25. Minada yake huendeshwa na Benki Kuu, na riba huingia kila baada ya miezi 6. Sasa shemeji akibisha hodi, mkaribishe chai, shusha pumzi, mwambie taratibu: "Shem, pesa iko Benki Kuu." Atanyamaza. Akitoka hapo atakusifia mtaa mzima, na wewe hujatoa hata senti. Kwamba hati hizo zinaweza kuuzwa kabla ya muda wake kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, hilo liishie chumbani, kati yako na mwenzio. Ila ada ya mpwa ilipe, kutoka kwenye riba. Mtoto asome.

3. Tafuta ukubwa usio na gharama. Wastaafu wengi hununua daladala bila kuijua biashara yake. Wanachotaka ni kuitwa bosi pale stendi. Wiki ya kwanza dereva analeta hesabu. Wiki ya pili analeta habari za klachi. Wengine walipeleka akiba yao kwenye upatu wa DECI "kupanda mbegu", mpaka serikali ilipoisimamisha mwaka 2009, na vilio vya wazee waliokuwa wakingoja mavuno havijasahaulika. Ukitaka kufuga kuku, anza na ishirini sasa hivi, uonane na ugonjwa wa kideri ukiwa bado na mshahara. Usianze na elfu moja ukiwa na miaka 60.

Cheo kipo cha bure: kuwa mshenga. Sauti ya darasani unayo, methali unazo, na nusu ya vijana wanaooa hapo mtaani uliwafundisha kusoma. Mshenga hupewa kiti cha mbele, akikohoa watu wananyamaza, na mtaji wake ni koti moja lililopigwa pasi. Posa tatu tu kwa mwaka zinatosha kukufanya mkubwa kuliko mwenye basi.

4. Toka nyumbani saa moja na nusu asubuhi, kama zamani. Nenda shambani, nenda kijiwe cha kahawa, nenda kafundishe hesabu watoto wa jirani. Mwenzio ameiendesha nyumba hiyo miaka 30 bila mkaguzi. Ukishinda jikoni ukiuliza kwa nini vitunguu vimekatwa vikubwa, pensheni itakuwa tatizo lenu dogo kuliko yote. Rudi mchana ukiwa na habari za kusimulia.

5. Faili. Hapa hakuna njia ya mkato, samahani. Tafuta barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa cheo, uzilinganishe na kitambulisho cha taifa. Kama barua inasema Yohana na kitambulisho kinasema John, anza kurekebisha Jumatatu hii, maana mafao ya watu yamekwama miezi kwa tofauti kama hiyo. Toa nakala tatu. Moja baki nayo, ya pili mpe mwenzio, ya tatu mpe dada yako. Shemeji asijue hata zilipo.