Bastola ya Kibindoni: Mwongozo kwa Msafiri wa Njia ya Tabora

Mpwa wangu hununua asali Sikonge na kuipeleka Dar es Salaam. Juzi alinijia na ombi. Anataka bastola ndogo, ya kuingia mfukoni bila kutokeza shati. Si ya kuwindia wala ya kujishaua, anasema, ni ya akiba tu: la kwanza likishindikana, mkono uende mfukoni. Nilimuuliza la kwanza ni lipi, akanyamaza. Akiba ameshaifikiria, mtaji ndio bado.

Amenijia mimi kwa sababu naishi Tabora na nimesoma vitabu vya Wazungu waliopita hapa. Sijawahi kumiliki hata manati. Lakini ushauri wa silaha ni kama ushauri wa ndoa, wenye kuutoa kwa moyo mkunjufu ni wale wasionayo. Basi huu hapa.

Anza na nguo. Babu zetu waliobeba frasila mbili mbili begani kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo hawakuwa na mifuko. Walikuwa na kibindo, lile kunjo la nguo kiunoni ambamo mtu hufutika ugoro, hirizi na visenti vyake. Rivolva ya zama zile, tuseme Adams ya Waingereza, ilikuwa na uzito wa kilo moja na ushei. Futika kilo moja kibindoni, kisha ipande milima ya Usagara. Kabla hujafika katikati, mkono mmoja utakuwa umeshikilia nguo na wa pili umeshikilia heshima, na wa tatu hatukujaliwa. Waarabu wa Tabora walilijua hilo, wakavaa jambia: liko mbele ya tumbo, limenakshiwa fedha, halijifichi na wala halihitaji kuchomolewa ili lifanye kazi yake. Kwa hiyo pima bastola kwa nguo, usiipime kwa adui. Adui hubadilika, kikoi ni kile kile.

Ukishapata inayokaa, ijaribu. Hapa tunafuata desturi ya kifalme. Februari 1862, John Hanning Speke, aliyekuwa ametokea huku Kazeh, yaani Tabora yetu hii, alimkabidhi Kabaka Mutesa wa Buganda zawadi zake, na ndani yake mlikuwa na bunduki kadhaa na rivolva moja. Kabaka akataka aoneshwe. Ng'ombe wanne walikuwa wakizunguka uani, mgeni akaambiwa awapige. Bunduki yake haikuwa na risasi, hivyo akaazima ile ile rivolva aliyotoka kuigawa. Risasi nne, ng'ombe wanne, ila wa mwisho alijeruhiwa tu, akamgeukia. Ya tano ikammaliza. Muuzaji akikusifia bastola ya risasi sita, muulize ng'ombe wa tano yuko wapi.

Kabaka naye akashindilia bunduki mojawapo kwa mkono wake, akampa mtumishi wake mdogo, akamwambia atoke nje akampige mtu. Mtoto akaenda, mlio ukasikika, akarudi anachekelea. Speke aliandika kwamba hakupata kusikia aliyepigwa ni nani, na kwamba pale barazani hapakuwa na aliyeonekana kutaka kujua. Majaribio ya namna hiyo sikushauri. Nimeyaweka hapa kwa sababu kila anayenunua silaha huzungumzia itakavyolia, na yule wa nje ya ukuta hatajwi.

Hakikisha pia kwamba silinda inazunguka. Miaka saba kabla ya wale ng'ombe, Aprili 1855, Speke na Richard Burton walivamiwa usiku kambini kwao Berbera, pwani ya Wasomali. Speke alikuwa na Adams mkononi. Akamwekea mdomo wa bastola kifuani mtu aliyekuwa mbele yake, akafyatua, kimya. Silinda imegoma. Yeye mwenyewe alidhani ni fataki iliyonasa. Wakamwangusha, wakamfunga, wakamchoma mikuki mwilini mara kadhaa, na Burton akapigwa mkuki ulioingia shavu moja ukatokea la pili. Speke alinusurika kwa kukurupuka na kukimbia huku mikuki ikimfuata nyuma. Miguu ndiyo silaha ya akiba ya zamani kuliko zote: haipati kutu, na polisi hawaulizi kibali chake.

(Speke huyo alipita Tabora katika safari mbili, kati ya bunduki, homa na vita, akatoka salama. Septemba 1864 alikuwa kwao Uingereza akiwinda kwale. Akapanda kiukuta cha mawe, bunduki yake mwenyewe ikamlipukia kifuani, akafa. Mpwa wangu ana tabia ya kuruka ukuta akichelewa kurudi.)

Sasa nije kwenye swali ambalo wauzaji hawalipendi: utamlenga nani?

Tumchukue Henry Morton Stanley, kwa kuwa aliandika orodha ya silaha zake kama anayepeleka posa. Alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na Winchester, bunduki nyingine za kila aina, gumegume 24, rivolva mbili na bastola sita za mtutu mmoja. Bastola nane basi. Ungetarajia Wagogo wakimbie. Wagogo walimsimamisha wakadai hongo, naye akahesabu doti za nguo akalipa, kwa mtemi mmoja baada ya mwingine. Hongo siku zile ilikuwa ushuru halali wa kupita na kunywa maji katika nchi ya watu. Neno limeshuka hadhi tangu hapo, ingawa matumizi barabarani hayajabadilika sana.

Akafika Tabora, akakuta Waarabu wako vitani na mtemi Mirambo, akaingia upande wao. Agosti 1871 kikosi cha Waarabu kikauteka mji wa Wilyankuru, kikabeba pembe za ndovu na mateka, kikaanza kurudi kwa furaha. Watu wa Mirambo walikuwa wamelala majanini pembeni mwa njia. Mikuki ikafanya kazi, kiongozi wa msafara ule Soud bin Said akauawa, na waliobaki wakatimua mbio. Stanley, mwenye homa, akakimbilia Mfuto pamoja nao. Wiki chache baadaye Tabora yenyewe ikachomwa moto. Katika habari yote hiyo bastola za mfukoni hazina hata sentensi moja.

Zina sentensi kwingine. Njiani, kabla ya Tabora, Stanley aligombana na msaidizi wake Shaw, na usiku huo huo risasi ikapasua hema la bwana mkubwa. Shaw akajitetea kwamba alidhani ameona mwizi. Halafu mwaka 1872, wakati wa kurudi pwani, masika imefurisha mito, kijana mmoja mpagazi aitwaye Rojab akajitwika kichwani sanduku lenye barua za Livingstone na kuingia kwenye maji mengi. Stanley, akiwa ng'ambo, akaona hazina yake inayumba juu ya kichwa cha mtu, akachomoa rivolva, akamlenga na kumwahidi risasi endapo sanduku litaanguka. Hebu jiweke mahali pa Rojab: mto kifuani, sanduku kichwani, na mbele yako mwajiri amechomoa bastola ili kukusaidia usiteleze. Akavuka. Shukrani aliyopata ni kukatazwa kuligusa tena sanduku lile.

Ndipo mwongozo huu ulipo. Bastola ya akiba hununuliwa kwa ajili ya Mirambo, huishia kwa Rojab. Mirambo yuko majanini, humwoni. Rojab yuko mbele yako, amebeba mzigo wako. Mpwa wangu husafiri na dereva pamoja na utingo anayelala juu ya madumu ya asali. Dereva ni Mzaramo, mtani wetu tangu enzi za misafara, kwa hiyo akiona bastola atacheka kwanza, na mtu aliyeshika bastola huku akichekwa si mtu wa kukaa naye garini. Na Mirambo mwenyewe? Mwaka 1876 alikutana na Stanley uso kwa uso, wakachanjiana damu wakawa ndugu. Ukilinganisha gharama, wembe ni rahisi kuliko risasi.

Aina za bastola nitazipitia haraka. Ndogo sana itachanganyika na funguo. Kubwa si ya mfukoni. Ukikosa zote mbili, kumbuka kwamba Mkataba wa Brussels wa 1890 uliwapiga marufuku Waafrika wa kanda hii wasipate bunduki za kisasa, ukaacha mlango kwa gumegume. Wakubwa wa Ulaya nao walikuwa na mwongozo wao wa kuchagua silaha inayomfaa mtu, ilimradi mtu mwenyewe si wao.

Kimebaki kibali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haitambui usiri wa mpwa wangu. Ataanza serikali ya mtaa, ataeleza kwa nini anaihitaji, atapita kwenye kamati ya ulinzi na usalama, atakwenda polisi. Maana yake ile bastola isiyotakiwa kuonekana hata chini ya shati itajadiliwa kikaoni, na mwenye kuandika muhtasari ana mke, na mke ana genge la nyanya. Siku kibali kinatoka, mtaa wote wa Ng'ambo mpaka Kwihara, penye lile tembe alilokaa Livingstone, watu watakuwa wanajua iko mfuko gani.

Nilimkumbusha pia kwamba pande hizi zetu, Nzega na Kahama, Sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, walikuwa na upinde, mishale na filimbi. Mwizi aliogopa zaidi filimbi, kwa kuwa ikilia kijiji kizima kinaamka, na kijiji kizima hakiingii kibindoni.

"Sawa mjomba," akasema, "lakini kama ningenunua, ingekaa vizuri?" Nikamwambia anioneshe mfuko. Akatia mkono mfuko wa kulia wa suruali, akatoa simu, funguo, risiti ya ushuru wa asali, akaendelea kupapasa. Vidole viwili vikatokeza karibu na goti.

Mke wangu akainuka kutafuta sindano na uzi.