Jinsi ya Kununua Wingu kwa Shilingi

Mahitaji: simu yenye salio, kalamu, ankara zako za huduma za mtandaoni za mwaka mzima, na ukaidi ule ule unaokwenda nao sokoni Kongowea kununua nyanya. Mwongozo huu wa kukodi wingu, yaani nafasi ya kuhifadhi data kwenye seva za mtandaoni, ni wa mwenye duka la spea Changamwe, mwenye famasi Thika, mwenye kampuni ndogo ya kupeleka watalii mbugani kutoka Arusha. Wenye benki wana wahandisi wao, tuwaache na kazi zao.

Kabla ya yote, itoe ile flashi kwenye kishikio cha funguo za gari. Nasema kwa upendo. Flashi inayoning'inia pamoja na ufunguo wa Probox haiwezi kuwa ghala la hesabu za biashara inayolisha familia nne. Siku funguo zitakaposahaulika kwenye matatu, orodha ya wadeni wako itaendelea na safari hadi kituo cha mwisho, na wadeni hawatakukumbusha.

Sasa chukua ankara za huduma ya ng'ambo, kama unayo. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa takriban shilingi 124 za Kenya. Januari 2024 ikafika karibu 160, kisha mwaka huo huo ikashuka hadi karibu 129. Huduma ya dola 50 kwa mwezi ilipanda kutoka shilingi 6,200 hadi 8,000 ilhali kompyuta ni ile ile, faili ni zile zile, na wewe hukuongeza hata mteja mmoja. Mfanyabiashara mdogo hupanga mwezi wake kwa shilingi: kodi, mshahara wa kijana wa kaunta, stima. Ankara inayocheza na soko la fedha za kigeni inamvurugia mpango wote. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kampuni ya hapa nyumbani liwe hili: "Bei hii ya shilingi mtanishikia kwa miezi 12?" Wao pia hununua mitambo kwa dola, kwa hiyo bei inaweza kupanda siku moja. Ipande baada ya mkataba kwisha, na baada ya wewe kuambiwa.

Uliza pia wanavyolipwa. Kulipa kwa M-Pesa ni faida kubwa kuliko inavyosikika, kwa sababu huduma nyingi za ng'ambo hutaka kadi, na kadi ikikataliwa na benki usiku wa manane, mfumo wa mauzo unaweza kusimamishwa kabla hujaamka.

Halafu uliza swali linalowatoa watu jasho: "Seva zenu ziko wapi?" Usikubali jibu la "ziko salama". Wingu lina jengo, lina mlango, lina jenereta na lina mlinzi. Mombasa na Nairobi kuna iColo. Nairobi pia kuna Africa Data Centres na iXAfrica. Dar es Salaam kuna kampuni yenyewe inayoitwa Wingu. Muuzaji wa kweli atakutajia jengo bila kumeza mate. Kuna wanaouza nafasi waliyokodi Ujerumani na kuipaka rangi za bendera yetu, na kuuza hivyo si kosa, ila wakuambie. Anwani inayoishia na .co.ke inaonyesha jina limesajiliwa wapi, haionyeshi data imelala wapi.

Kama unataka kuhakikisha, muombe kijana yeyote anayejua kompyuta apige ping, yaani apime muda wa jibu kurudi, kwenye seva watakayokupa kwa majaribio. Jibu likirudi kwa milisekunde chache, iko jirani. Likizidi 150, karibu hakika iko nje ya Afrika Mashariki. Fizikia haina ujirani: mwanga ndani ya mkongo wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na njia ya kwenda Ulaya hupita Bahari ya Shamu na Mediterania, kwenda na kurudi. Mtu anayesubiri risiti kaunta anauona umbali huo kila programu inapouliza swali dogo mara ishirini mfululizo.

Umbali una hatari nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini mwa pwani yetu, na intaneti ikadorora Kenya, Uganda na Tanzania. Lakini Nairobi kuna KIXP, kituo ambapo kampuni za intaneti hubadilishana data zao hapa hapa, nacho kimekuwa kikifanya kazi tangu 2002. Duka la Nairobi linalotumia seva ya Nairobi, kupitia kampuni ya intaneti iliyounganishwa hapo, halina sababu ya kuvusha bei ya betri ya gari baharini. Sharti ni moja, nalo husahaulika: uliza kama hatua ya kuingia kwenye mfumo, yaani jina na nywila, nayo inashughulikiwa hapa. Wengi huweka data nyumbani na kuacha ufunguo Ulaya.

Tumefika kwenye faida ninayoithamini kuliko zote, nayo haimo kwenye vipeperushi vyao vingi: mtu wa kumpigia simu. Usilipe chochote kabla ya jaribio hili. Piga namba yao ya msaada Ijumaa saa nne usiku. Uliza jambo dogo, kwa Kiswahili. Sikiliza kama anayepokea ni fundi au ni sauti inayokutaka ubonyeze tisa. Fundi wa hapa anajua kwa nini tarehe 20 ya mwezi, siku ya mwisho ya kuwasilisha VAT, mama mwenye duka la jumla anapiga simu huku anatetemeka. Anajua eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa Kenya, ikikwama ankara hazitoki, na anajua tofauti ya till na paybill bila kuchorewa. Kwa kampuni kubwa ya dunia, mteja wa shilingi 6,000 ni tone baharini. Kwa kampuni ya hapa, mteja huyo ana jina, na ana binamu watatu wenye maduka.

Sheria nayo iko upande wako ukikaa karibu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina yake ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Famasi inayohifadhi majina ya wagonjwa na dawa zao ina wajibu mzito, na kupeleka taarifa hizo nje ya nchi huongeza masharti juu ya mengine. Data ikiwa nchini, unapunguza fungu moja la maswali. Mkataba wa maandishi na mtoa huduma unabaki kuwa wa lazima.

Kuna mahali nitakushauri uende nje bila aibu. Kama wateja wako wengi wako Ulaya, tovuti yako ya kuwauzia safari za Serengeti na ikae karibu na wao. Hesabu na nakala za pasi zao zikae karibu na wewe.

Mwisho, usimwamini mtu yeyote, wa hapa wala wa ng'ambo, kwa nakala moja. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la OVH huko Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto, na wapo wateja waliopoteza data zao moja kwa moja. Muulize muuzaji wako: nakala ya pili iko mji gani? Nairobi na Mombasa ni jibu zuri. "Kwenye seva hiyo hiyo" ni sababu ya kuaga na kuondoka.

Akishakujibu vizuri na ukalipa, subiri mwezi mmoja. Kisha chagua Jumapili duka limefungwa, mpigie fundi, umwambie: "Nirudishie faili la mauzo la Jumanne iliyopita, kutoka kwenye nakala ya Mombasa." Angalia saa. Faili likifunguka, linganisha jumla yake na kitabu cha risiti, shilingi kwa shilingi, na ukimaliza andika kwenye kalenda tarehe ya kurudia zoezi hilo.