Heko kwa Kompyuta Iliyogoma

Watawala husifiwa kwa vyeo vyao na marehemu kwa wema wao, lakini kompyuta kuukuu ya mezani iliyokataa kuwaka haijapata mtetezi. Haibebeki, haiuziki, imejaa vumbi, na mwenye nyumba huikumbuka pale tu anapotafuta mahali pa kuweka magunia. Mimi naitetea, na hoja yangu ni moja: mashine hii ikigoma, hugoma kiungwana. Hukataa kwa sababu, sababu huitaja, na anayetaka kuihakiki hafungiwi mlango. Hayo matatu ni nadra hata katika ofisi zinazolipwa kutuhudumia.

Tuanze na ukweli wake. IBM PC, ile 5150 iliyoingia sokoni Agosti 1981, haikubali kazi kabla ya kujikagua. Ukiiwasha hupima prosesa yake, kumbukumbu, kibodi na kadi ya skrini, ndipo hutoa mlio mmoja mfupi kusema iko tayari. Ukisikia mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, hitilafu iko upande wa skrini. Ikiandika 301, kosa ni la kibodi; 201 ni kumbukumbu; 1701, kwa zile zilizofungwa diski ngumu, ni diski. Kwenye 201 uungwana huo hupita kiasi: bodi kuu ina nafasi za chipu 36 za kumbukumbu, na tarakimu zinazotangulia msimbo huo humwelekeza fundi kwenye safu na chipu yenyewe iliyoharibika. Ni mtumishi gani mwingine anayefika kazini asubuhi, akajipima, akajikuta na upungufu, akataja hadharani uko kiungo gani, kisha akatulia kusubiri uamuzi? Simu ya leo ikishindwa huonyesha kiduara kinachozunguka, na ikijaliwa kusema neno, husema kuna tatizo, jaribu tena baadaye. Hiyo ni lugha ya karani anayewahi chakula cha mchana.

Wapo watakaosema kwamba mara nyingi mashine hizi hazisemi chochote: feni hutikisika kidogo, kisha kimya. Kweli, ila kimya hicho nacho ni ushahidi. Pawasaplai ya 5150, yenye wati 63.5 tu, hujizima ikihisi shoti, na mshukiwa wa kwanza ni kapasita ndogo za tantalamu kwenye njia ya volti 12, ambazo uzee huzigeuza kuwa waya mtupu. Dawa yake ni subira. Zima, chomoa kadi moja, washa. Zima, chomoa nyingine, washa. Kadi ambayo kutolewa kwake kumeamsha mashine ndiyo yenye kesi. (Usiipime pawasaplai ikiwa peke yake mezani, isiyo na mzigo nayo hugoma, na utamhukumu asiye na hatia.) Pengine kapasita humaliza kesi yenyewe: hupasuka kwa kishindo, hujaza chumba harufu, na kwa kuwa shoti imeungua pamoja nayo, kompyuta huwaka. Sijui mkosaji mwingine anayejiadhibu namna hiyo kabla mashahidi hawajaketi.

Wapinzani hupenda pia kuleta kile kioja cha kompyuta nyingi zilizoiga IBM: kibodi haionekani, bonyeza F1 kuendelea. Amri hiyo haitekelezeki, nakubali. Lakini haijaficha kosa, na haijamlaumu mtumiaji. Kati ya ujinga ulio wazi na ujanja uliojificha, mtu mwenye haraka ya kutengeneza atachagua ujinga.

Sifa kubwa zaidi ni ile ya mlango wazi. IBM iliuza kitabu cha kiufundi chenye michoro ya saketi za mashine hiyo, pamoja na orodha nzima ya BIOS, programu yake ya kuwashia, mstari kwa mstari. Baadhi ya chipu zake zimekaa kwenye soketi badala ya kuchomelewa, hivyo joto na baridi ya miaka huzisukuma juu taratibu, na nusu ya uganga wake ni kuzikandamiza kwa kidole gumba. Apple III ya mwaka 1980 ilipata sifa hiyo ya chipu kupanda kwa wingi mno, hata wenye nayo wakashauriwa kuinyanyua inchi chache na kuiachia idondoke mezani ili chipu zirudi mahali pake. Huo ulikuwa ushauri wa kweli, na mara nyingine ulifaa.

Atabaki mtu mmoja wa kuuliza faida. Hata ikiwaka, 5150 ya msingi ilikuwa na kilobaiti 16 za kumbukumbu, na simu ya bei ya chini kabisa huishinda kwa kila kipimo. Sina ubishi naye. Ndiyo maana siisifu ikiwa nzima. Ikiwa nzima itakuandikia barua, kazi ambayo hata taipureta iliiweza. Ikiwa mbovu itakufundisha umeme, mantiki na adabu ya kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayeitengeneza haraka anajipunguzia masomo.

Kuna shtaka moja tu nisiloweza kulifuta. IBM AT ya mwaka 1984 ilileta betri ya kutunza saa na mipangilio. Betri ikifa, mashine huandika 161 na kudai ipangwe upya, na DOS ikikosa saa ya kuiamini huanza kuhesabu siku kutoka 1 Januari 1980, ujana ambao wengi wetu tungeutamani. Hilo lasameheka. Lisilosameheka ni betri za nikeli na kadmiamu zilizochomelewa kwenye bodi nyingi za kompyuta za 386 na 486. Hizo huvuja kimyakimya, na alikali yake hula njia za shaba hadi pasibaki cha kusifu. Siki nyeupe huizima ikiwahiwa, ikichelewa haisaidii. Basi wewe mwenye 386 iliyolala, ifungue leo uikate hiyo betri. Sifa nyingine zinaweza kusubiri.