Sifa za Fayaplesi Inayofuka Moshi Sebuleni

Hakuna kitu cha nyumbani kinachosingiziwa kama fayaplesi inayorudisha moshi sebuleni, na sasa itendewe haki. Kuanzia Timau, ambako baridi ya Juni hadi Agosti hushuka kutoka Mlima Kenya bila kubisha hodi, hadi vijiji vya Embu vinavyopakana na msitu, mwenye uwezo haoni nyumba yake imekamilika bila shimo ukutani lililopambwa kwa mawe ya mazeras. Moshi ukitokea mlangoni badala ya juu ya paa, basi hiyo ni njia yake.

Sifa ndogondogo zitajwe upesi. Hufukuza mbu, hata kama Timau mbu wenyewe ni wa kutafuta. Huyapa mapazia mapya rangi ya chai ya maziwa. Huhifadhi misitu: serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, ilihitaji askari; fayaplesi hii huwashwa siku ya kuhamia, na baada ya hapo gogo haliguswi tena ila kwa dharura.

Lakini sifa yake kuu ni kuondoa wageni.

Mgeni wa Meru huja na miraa yake, wa Embu na muguka wake, na mtu akishika handasi ya kutafuna, saa nane za usiku ndiyo kwanza anaanza kusimulia kesi ya shamba la babu yake. Serikali zimeshindana na majani haya kwa shida. Uingereza ilitunga sheria dhidi ya miraa mwaka 2014. Kaunti ya Mombasa ilipiga muguka marufuku Mei 2024, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hiyo. Fayaplesi haina haja ya bunge wala wakili. Gogo moja bichi la mkaratusi, madirisha yafungwe, na muda si muda kamati ya harusi iliyokuja kudai ahadi imo uani ikikohoa, mwenyekiti akipapasa kutafuta viatu. Wazee wa mahari, ambao hubishania mbuzi hadi jioni, hukubali idadi yoyote mradi watoke nje. Hakuna aliyefukuzwa, ukarimu umehifadhiwa, na machozi yao yaweza kupokelewa kama ya kuagana.

Asiyethamini baraka hii huamua kuirekebisha mwenyewe. Hutazama video, hubandua mazeras, hubandika taili, hupaka rangi ya kuhimili joto. Moshi hauna habari na taili.

Dawa yake ilichapishwa mwaka 1796 na Benjamin Thompson, aliyejulikana kama Count Rumford, baada ya kurekebisha fayaplesi za London: punguza kina, kuta za pembeni zilale mshazari ili zitupe joto chumbani, koo la dohani lifinywe. Kanuni ya kawaida ya wajenzi ni kwamba eneo la dohani liwe takriban sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo. Mdomo wa inchi 36 kwa 30 ni inchi za mraba 1,080, kwa hiyo unataka bomba la kipenyo cha inchi 12. Fundi hutia la inchi 6, ambalo ni inchi za mraba 28 tu! Hesabu ya duara hufundishwa shule ya msingi, jamani. Akiulizwa, hujibu kwamba moto mpya ndivyo ulivyo, utazoea. Na mchoro wenyewe wa nyumba ulinakiliwa kutoka nyumba nyingine, ukalipiwa, ukapigwa muhuri na mtu ambaye hakuuliza dohani itapita wapi.

Fayaplesi ikishindikana, familia huingiza jiko la makaa na kufunga kila dirisha. Moshi ulikuwa na adabu ya kumtoa mtu machozi. Kaboni monoksidi ya makaa haina harufu wala rangi, na waliolala nayo hukutwa asubuhi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jiko la makaa lisilale ndani ya nyumba. Na fundi asilipwe salio mpaka awashe moto mwenyewe, mlango umefungwa, naye ameketi humo sebuleni.