Kwa Heshima ya Kompyuta Nzito

Washairi wa zamani wa pwani waliusifu uta, wakausifu mnazi, wakaisifu hata tambuu. Kompyuta nzito haikupata mshairi. Nasema ile ya mezani, ya nyumbani, yenye boksi jeusi chini ya meza, diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4, ambayo kila anayeigusa huishia kusonya. Yangu ninayo hapa Tyseley, kusini-mashariki mwa Birmingham, na kwa kuwa hakuna aliyejitokeza, nitaisifu mimi.

Kwanza ina adabu za kiutu uzima. Ukiiwasha haikurupuki. Inaguna, feni inavuma, kitaa cha mbele kinapepesa bila mpangilio, kiduara cha buluu kinazunguka katikati ya kioo, halafu kimya, halafu tena. Muda huo chai ya maziwa imeshachemka, iliki imeshatoa harufu, nawe umeshamjulia hali kila aliyemo ndani. Hizi kompyuta mpya zinawaka kabla mtu hajavuta kiti. Watu watasalimiana saa ngapi?

Tena inalinda mfuko na ulimi. Nani amewahi kununua kitu kwa pupa kwenye mashine inayochukua dakika nzima kufungua picha ya kiatu? Ukifika ukurasa wa kulipa, hamu imekwisha na punguzo la bei limekwisha pia. Ama ulimi: mjomba katuma kwenye kundi la ukoo ujumbe wa kuchokoza juu ya shamba la urithi, nawe umekaa kuandika jibu la kumkata maini. Hujamaliza sentensi dirisha linafifia, na juu yake panatokea neno "Haijibu". Unasubiri. Likirudi, unaona heri uandike tu, "Shikamoo mjomba, tutaongea." Mabaraza ya usuluhishi yana la kujifunza hapa.

Na mji wenyewe unaiunga mkono, japo kwa unafiki. Karibu na stesheni ya Tyseley iko karakana ya magarimoshi ya mvuke, kwenye eneo la depo iliyofunguliwa na Great Western Railway mwaka 1908. Injini mojawapo ya hapo ni Clun Castle, iliyoundwa Swindon mwaka 1950, ambayo tarehe 11 Juni 1965 ilivuta treni ya mwisho ya mvuke ya ratiba kutoka Paddington, London. Injini ya namna hiyo haiwashwi kwa kidole. Moto huwekwa tangu siku iliyotangulia, chuma kipate joto taratibu. Watu wazima na akili zao hulipa nauli nene wapande nyuma yake, na hakuna anayeiuliza mbona umechelewa kuamka. Boksi langu likichukua dakika kumi linaitwa takataka.

Mwaka huohuo wa 1965 Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza, ICT 1500, ikawekwa Wizara ya Fedha. Baadaye hesabu za serikali zilivurugika kwenye mashine, na mwaka 1974 ikatoka amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, televisheni zikajumuishwa humohumo. Mimi nauhesabu uamuzi huo kuwa ushahidi wa upande wangu. Wachumi watanipinga, na wana haki.

Tatizo ni wachochezi. Kila ukoo una kijana wake anayejua kompyuta, na akija kula wali Jumapili lazima aketi mbele ya mashine ya watu. Nawatahadharisha wapenzi wa uzito wamjue kwa vitendo vyake. Ataanza kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, lifunguke dirisha la Task Manager, aifichue aibu ambayo mashine ilikuwa inaisitiri: diski iko asilimia 100 na wewe hujafungua kitu. Kisha ataingia kwenye orodha ya programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta. Atakuta ya printa uliyokwisha kuigawa, ya muziki, ya mchezo wa mtoto ambaye sasa ameoa, na antivirus mbili zinazochunguzana, azizime mojamoja huku akikutazama usoni. Hapo ndipo siri inapovuja. Mashine haikuwa mvivu hata siku moja. Ilikuwa imebeba kila ulichoitwisha ukasahau. Ataziona na zile kurasa ulizoziacha wazi kwenye brauza tangu mfungo uliopita, akueleze kwamba RAM ikijaa kompyuta huanza kuhamishia vitu kwenye diski, nayo diski ya kuzunguka ni ya polepole kuliko RAM kwa maelfu ya mara. Ile mingurumo unayoisikia ndiyo hiyo.

Akipata bisibisi ni balaa. Atachomoa waya wa umeme, afungue ubavu wa boksi, abandue kwenye feni utando wa vumbi la kijivu, mnene, ulioshikana kwa mafuta ya sambusa maana boksi limekaa miaka yote karibu na mlango wa jikoni. Prosesa ikipata moto sana hujipunguzia kasi isiungue. Vumbi likitoka, udhuru huo nao umetoka. Na akiona bado, atasema kwa sauti ya daktari, "Tuweke SSD." Hapo hakuna dua. Kifaa hicho hakizungushi chochote wala hakingoji kichwa cha kusomea kifike mahali pake, na kompyuta ya miaka kumi itakuwa imeshawaka, maziwa hata hayajapata moto.

Wako na maadui wa mbali. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, ambayo maboksi mengi ya zamani hayana. (Kijana atakwambia kuna Linux. Usimwongezee mchuzi.) Na kwetu njia ya kaburini ni fupi. James Road kuna kituo cha kupokea taka za nyumbani, na Tyseley hiihii kuna tanuri ambalo tangu 1996 linachoma taka za Birmingham, takriban tani 350,000 kwa mwaka, likizalisha umeme. Vifaa vya umeme hutengwa, havitupwi humo. Hata hivyo jirani wa namna hiyo hamtulizi mgonjwa.

Ombi langu kwa kijana wa ukoo ni dogo: aje, ale wali wake, aende. Lakini kama boksi ameshalifungua, basi kabla hajaichomoa diski anakili kwanza picha za harusi mahali pengine, maana nakala ya pili haipo.